Kidole cha Mwisho Ndicho Kinachovuta Uzi

4 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Najua ulitaka nikupigie simu, lakini wewe mwenyewe husema kwamba mimi kwenye simu ni kama bomba lililokatiwa maji: unafungua, unasubiri, unasikia upepo tu. Kwa hiyo naandika. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Nimepata kazi ya kunishikiza mpaka nafasi za chuo zitangazwe. Ni hospitalini, na ni kazi ya hesabu. Tuko watatu chumbani. Mkubwa wetu anaitwa Mama Mkasi, mama mnene mwenye hatua ndogo ndogo, ambaye hapandishi sauti hata siku moja. Akikasirika anaishusha, na hapo ndipo unapotamani ardhi ipasuke. Mwingine ni dada mmoja tunayemwita Kasuku. Huyo anaongea tangu anavua viatu mlangoni hadi anavivaa tena jioni. Jana alinisimulia harusi ya binamu yake kuanzia mwaliko, na hadi tunatoka bwana harusi alikuwa bado hajafika.

Meza yetu ni ya chuma na ina baridi. Tunavaa kofia na aproni nyeupe, tunanawa mpaka viwiko. Ukutani kuna simu moja ya ndani, na kidirisha kinachofunguka upande wa chumba cha upasuaji. Simu zetu wenyewe haziruhusiwi.

Baba anasema usisahau kumrudishia mwavuli wake. Mama anakusalimu.

Wako,
Kimya

*

11 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Mwavuli wa baba yako ulivunjika mwaka juzi na anajua.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ofisi ya walimu, nikaisoma tena kwa sauti, ile sehemu ya kazi ya hesabu. Nimewatangazia wote: binti wa kaka yangu yuko kwenye takwimu za hospitali, hata chuo hajaanza! Mwalimu wa Jiografia, ambaye tangu aajiriwe hapa hajawahi kukosa la kusema, alikosa la kusema. Mkuu wa chuo ameniomba siku moja uje uzungumze na wanachuo wangu wa mwaka wa kwanza, uwaeleze hesabu inavyotumika nje ya ubao. Nimemwambia utakuja. Usianze kutetemeka, bado ni mbali.

Hiyo ndiyo faida ya kichwa kilichofunzwa mapema. Unakumbuka soksi nilizokuvika mikononi uache kuhesabia vidole? Ulilia siku tatu, ukaninunia wiki nzima, lakini leo uko wapi? Natumaini vidole vyako vimelala usingizi wa pono mpaka leo.

Niandikie mnahesabu nini hasa. Wagonjwa? Vitanda? Vizazi na vifo?

Wako,
Shangazi

*

20 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne na mara zote nimeichana.

Siko kwenye takwimu. Sikukudanganya, ila nilikuacha uelewe ulivyopenda kuelewa, na hilo nalo ni uongo wenye nguo safi. Nisamehe.

Ninachohesabu ni vitambaa. Ni vile vyeupe vya shashi, ambavyo daktari akimpasua mtu huviweka ndani ya jeraha vifyonze damu. Sisi tunavikunja, tunavifunga kumi kumi kwa uzi, tunachomeka karatasi yenye tarehe na namba ya aliyefunga, kisha vinaingia kwenye mashine ya mvuke kuua vijidudu. Namba yangu ni sita. Ni kumi tu, Shangazi. Kazi yangu yote ni kujua kuhesabu moja mpaka kumi.

Na nimekosea.

Ilikuwa wiki ya kwanza. Kichwa changu kilichoka na moja-mbili-tatu. Kikaona kwamba kumi ni tatu mara tatu na kimoja cha juu, nikaanza kupanga vitatu vitatu, safu tatu, halafu kimoja, nafunga. Ni haraka kweli. Nilifunga mafurushi mengi kuliko Kasuku na nikajiona. Kisha bwana harusi wa binamu yake akafika hatimaye, nami nikainua macho nisikilize. Niliporudi mezani niliona safu tatu zimenyooka vizuri, tatu mara tatu, hesabu imetimia, nikafunga. Kile kimoja cha juu nikakisahau. Mtu asiyejua hesabu asingekosea hivyo.

Kule ndani huwa wanahesabu furushi wakilifungua, na wanahesabu tena kabla ya kumshona mgonjwa. Vilivyoingia lazima viwe sawa na vilivyotoka. Wakakuta tisa tangu mwanzo, hakuna aliyeumia. Lakini Mama Mkasi aliniita kando, akashusha sauti: "Binti, furushi la vitambaa tisa likipita bila kuonekana, mwishoni wataona kimoja kimepungua. Watatafuta ndani ya tumbo la mtu kitu ambacho hakimo. Na siku wakizoea kwamba mafurushi yetu yana kasoro, watapungukiwa na kimoja kilichomo kweli, waseme, aah, ni wale wa vitambaa tena, mshone. Unanielewa?" Nikasema ndiyo. "Kosa la pili, unarudi kwa mama yako."

Kwa hiyo sasa naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Nimerudia vidole.

Nakaa na rundo mbele yangu. Kitambaa cha kwanza nakivuta kwa kidole kidogo cha kushoto, cha pili kwa kidole cha pete, naendelea hivyo, kila kitambaa na kidole chake, mpaka cha kumi kinavutwa na kidole kidogo cha kulia. Kidole hicho hicho ndicho kinachonasa uzi na kuvuta fundo. Kasuku akinikatiza, kidole kilichovuta mwisho kinabaki kimelala juu ya kitambaa chake, kinanisubiri. Kichwa hakinisubiri hivyo. Kikiondoka kinarudi mahali pengine.

Ila naona aibu. Natandaza kitambaa cha kufunikia juu ya mikono yangu watu wasione. Juzi Kasuku alichungulia akapiga kofi: "Haa! Huyu ndiye aliyeongoza shule nzima kwa hesabu? Mbona unahesabu kama mtoto wa chekechea? Bado kuimba tu!" Alicheka bila ubaya, lakini nilihisi masikio yanawaka.

Nifanyeje? Wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu.

Nikipata mshahara nilitaka nikununulie ndala, halafu nikagundua sikumbuki kuona vidole vya miguu yako. Hata sebuleni kwako unavaa viatu vya kufunika. Basi niambie unataka nini kingine.

Wako,
Kimya

*

27 Februari

Kimya,

Kuhusu takwimu, nimejieleza mwenyewe kwa Mwalimu wa Jiografia. Amefurahi sana. Tusiliongelee.

Kuhusu vitambaa, sioni aibu yoyote, nawe usione. Kazi ambayo mtu anaweza kufa ukiifanya vibaya si kazi ndogo.

Kuhusu vidole, hapana.

Nakuandikia kwa upendo lakini nakuandikia hapana. Vidole ni magongo. Mwenye miguu yake hatembelei magongo, na akizoea, miguu inasahau. Kosa lako halikuwa kuhesabu kwa kichwa. Kosa lako ni kumsikiliza Kasuku. Hesabu kwa kichwa, moja moja, polepole, bila ujanja wa safu. Utaenda chuo, utakaa darasani na vijana waliojaa majivuno, na siku moja utasimama ubaoni mbele ya watu wanaosubiri uteleze. Wakikuona unanyanyua kidole umekwisha. Hawatasikia tena neno lolote utakalosema, hata likiwa sahihi. Usiniulize nimejuaje.

Ondoa hicho kitambaa cha kufunikia, na mikono yako itulie.

Viatu vyangu viache. Ninunulie leso.

Shangazi

*

6 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Naandika wakati wa mapumziko, nje ya chumba chetu, kwenye benchi la koridoni. Bahasha nimeshaandika anwani kwa sababu dereva wa gari la wagonjwa hupitia posta saa nane na huwa hasubiri mtu.

Nilikutii siku mbili. Nilihesabu kwa kichwa, moja moja, polepole. Siku ya pili Kasuku akaniuliza ukubwa wa kiatu changu. Nikamjibu, "Thelathini na saba," nikarudi kwenye vitambaa, na sikujua tena kama nilikuwa kwenye sita au saba. Mbaya zaidi sikujua kama hilo limenipata mara moja tu au asubuhi nzima. Nikafungua mafurushi yangu yote, arobaini, nikaanza upya. Mama Mkasi alinitazama, akaendelea kukunja.

Yote arobaini yalikuwa sawa. Lakini sikuwa nimejua kwamba ni sawa, Shangazi, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa hiyo nimekuasi. Tangu jana nimerudia vidole, chini ya kitambaa. Nakwambia mapema ili nisikufiche tena jambo. Ukinikasirikia nitaelewa, ila usiniache bila kuniandikia, maana

Simu ya ukutani inalia. Mama Mkasi ametoka mpaka mlangoni. Ameuliza, "Namba sita ni nani?" Anajua ni mimi, ameuliza tu. Wanasema kuna kitambaa ki

*

12 Machi

Kimya,

Kuna kitambaa ki nini?

Barua yako imenifikia leo, imeishia hapo, bila jina lako, bahasha imelambwa upande mmoja. Nimempigia mama yako. Anasema unakwenda kazini, unarudi, unakula, unaoga, unalala. Hiyo si habari, hiyo ni ratiba! Nimeomba niongee nawe, nikaambiwa uko bafuni. Nusu saa baadaye bado uko bafuni.

Mwanangu, kama ni kosa la pili, ni mimi niliyekuchanganya. Uliniambia kinachokusaidia nikakuambia uache. Kama wamekurudisha, sema. Kama mtu ameumia, sema pia. Nimefundisha vipindi vinne leo na sikumbuki nilichofundisha.

Kitambaa ki nini?

Shangazi yako

*

14 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Kwanza nikutoe wasiwasi: hakuna aliyekufa, na sijafukuzwa. Dereva alikuta bahasha kwenye benchi akadhani iko tayari, akailamba mwenyewe akaondoka nayo. Na bafuni nilikuwa kweli, ila sikuwa naoga. Kila nilipotaka kusimulia nilikwenda kujifungia humo. Sasa naweza.

Kulikuwa na fundi wa paa aliyeanguka kutoka juu ya jengo. Walimwingiza haraka anavuja damu tumboni. Furushi la kwanza na la pili waliyahesabu wakati wa kuyafungua. La tatu, damu ilikuwa nyingi, mtu alilikata uzi na kulimwaga, hawakulihesabu. Wakazuia damu. Mwishoni, kabla ya kushona, wakahesabu vilivyotoka: ishirini na tisa. Wakahesabu tena. Ishirini na tisa. Karatasi ya furushi la tatu ilikuwa na namba sita na tarehe ya jana yake, siku niliyorudia vidole.

Unaona walipokuwa wamekwama. Kama mimi nilifunga tisa, basi vyote vimetoka na mgonjwa ashonwe haraka, maana mapigo yake yalikuwa dhaifu na kila dakika anayokaa wazi ni hatari. Kama nilifunga kumi, kimoja kimo ndani yake. Mashine ya picha iko jengo la pili na mgonjwa hangeweza kusogezwa hata kidogo. Hapakuwa na kitu cha kuwaambia ukweli isipokuwa mimi.

Mama Mkasi alinipa simu. Nilishindwa kuishika kwa mkono mmoja nikaishika kwa miwili. Daktari alikuwa anaongea kwa mbali, mtu amemshikia simu sikioni.

"Namba sita?"

"Ndiyo, daktari."

"Furushi lako. Ulifunga kumi au ulifunga tisa?"

Shangazi, jibu rahisi lilikuwa "sijui". Kila mtu angenielewa. Wiki ya kwanza nilifunga tisa, wote wanajua. Ningesema "labda tisa", lingekuwa kosa langu la pili, ningerudi kwa mama, na wao wangeshona. Kasuku alikuwa amesimama mbele yangu, mdomo wazi, hasemi neno. Hilo peke yake lilinitisha.

Furushi lenyewe sikulikumbuka. Nani atakumbuka furushi moja? Nikatazama mikono yangu kwenye ile simu. Nikaona kidole changu kidogo cha kulia. Kina mstari mwekundu, kwenye pingili ya juu, uzi unapopita kila siku. Kidole hicho hakishiki uzi mpaka kimevuta kitambaa chake, na hakivuti kitambaa chake mpaka wenzake tisa wamevuta vyao. Lile fundo lilifungwa. Basi vilikuwa kumi.

"Kumi," nikasema.

"Sikusikii, binti."

"Kumi!" Nilipiga kelele, Shangazi. Mimi.

"Una hakika kiasi gani? Nikiendelea kutafuta na hakimo, naweza kumpoteza."

"Hakika ya vidole vyote kumi, daktari. Navihesabu kwa vidole. Kidole cha mwisho ndicho kinachovuta uzi."

Nikasikia anawaambia wenzake, "Kimo. Tafuteni."

Hakukata simu, labda walisahau. Nilisimama pale nimeishika. Nilisikia vyuma, na mtu anataja namba za mapigo, na namba zinashuka. Nilitamani kurudisha neno langu. Nilijiambia, kama nimemuua mtu kwa vidole vyangu, nitavikunja na sitavikunjua tena. Mama Mkasi alivuta kiti akanikalisha kama mtoto, akabaki na mkono wake begani mwangu.

Sijui ni dakika ngapi. Saa ilikuwa mbele yangu na sikuweza kuisoma. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu: "Kimepatikana. Nyuma ya wengu, kimelowa mpaka kinafanana na nyama. Thelathini. Tunashona."

Nililia hadi aproni ikabidi ibadilishwe. Kasuku naye alilia, halafu akarudiwa na sauti: "Sasa kama ungekuwa unaimba, si ungemwimbia daktari na wimbo wenyewe!"

Baadaye, tulipokuwa tunanawa, nilimwomba Mama Mkasi anisamehe kwa kuficha. Akauliza kuficha nini. Nikasema vidole, chini ya kitambaa. Akanitazama kama nimemwambia nina pua.

"Wewe," akasema, "kile kitambaa kilikuwa kinachezacheza kama kuna panya chini yake. Nimekuona tangu wiki ya pili. Mafurushi yako yanatoka kumi. Nikuulize ya nini?"

Kitambaa cha kufunikia nimekirudisha kabatini. Jana Mama Mkasi alimwambia Kasuku ajaribu njia yangu. Kasuku anasema inamchanganya, kwa sababu yeye vidole anavihitaji kuongelea.

Fundi wa paa amehamishiwa wodi ya kawaida. Nilipita mlangoni kwake kwa kisingizio. Alikuwa anagombana na muuguzi kwamba uji umepoa. Sikuingia. Nilisimama nikasikiliza anavyogombana, na ilikuwa kama muziki.

Umenikasirikia?

Wako,
Kimya

*

21 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za posta, watu wananiruka. Nilipofika kwenye "Kimepatikana" nilisema "Alhamdulillahi!" kwa sauti, na mzee mmoja asiyenijua akaitikia.

Sasa sikiliza, maana deni la kusema ukweli nalo lina zamu yake.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikwenda kwenye usaili wa kazi hii. Walikuwa wanaume watano mezani. Waliniita ubaoni, wakanipa swali refu, na nililijua swali lile, mwanangu, nililijua kama njia ya kwetu. Katikati nilihitaji kujumlisha saba na sita, kitu kidogo tu, na vidole vyangu vikainuka vyenyewe kama vilivyoinuka tangu nikiwa mdogo. Mmoja wao akasema, "Mleteeni na vijiti." Wakacheka wote watano. Nilimaliza swali. Lilikuwa sahihi. Kazi wakanipa. Lakini tangu siku ile kicheko kile kikawa kinakaa nami kila ninaposhika chaki.

Nilirudi kwenu jioni ile ile. Nikakukuta kizingitini, una miaka saba, umefurahi, unaonyesha vidole: "Shangazi, angalia, nimepata kumi na tatu!" Saba na sita. Nikaingia ndani nikachukua soksi za baba yako nikakuvika mikononi.

Si wewe niliyekuwa namfunga.

Na mimi sikuacha. Hapo ndipo utacheka. Vilihamia tu. Miaka kumi na moja nahesabu kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu. Ndiyo maana navaa viatu vya kufunika, namba moja zaidi ya mguu wangu, hata sebuleni. Wanachuo wangu wanadhani nina wimbo kichwani ninaoufuata kwa mguu. Mwalimu wa Jiografia aliwahi kuniuliza ni wimbo gani.

Jumanne nilisimama mbele ya mwaka wa kwanza. Nilikuwa na jumla ya kubeba ubaoni. Nikaweka chaki chini, nikanyanyua mikono yangu yote miwili mahali wanapoiona, nikahesabu kwa vidole, polepole, mpaka nikapata. Darasa lilikuwa kimya kama wewe. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye tangu mwaka uanze anakaa ameficha mikono chini ya dawati, aliitoa akaiweka juu.

Yule mkuu wa chuo bado anataka uje uzungumze nao. Sasa una la kuwaambia, na nasikia siku hizi unapiga kelele.

Hapana, sijakukasirikia. Ningekuwa na vidole zaidi ningehesabu mara ambazo ningekuomba msamaha. Basi niongeze vya miguu.

Nitakuja Jumamosi, basi la saa nne asubuhi. Leso usininunulie. Nimejinunulia ndala. Ni za rangi ya machungwa, hapakuwa na nyingine za namba yangu halisi, na jua limeshanichoma juu ya mguu, mahali ambapo halijafika miaka kumi na moja.

Njoo unipokee, uvione.

Shangazi yako